Firigisi ya Papa Hadassa

Anderlecht, 14 Januari 2024
Tangu niondoke Lubumbashi ni miaka sita na miezi saba.

Mama Hadassa,

Barua hii anaileta Guylain, mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo bahasha nimeifunga kwa ule utepe tunaofungia makatoni ya samaki kazini. Ukiukuta umechanika usimuulize kitu. Jua tu.

Kila Jumapili unaniuliza kwa nini nikipiga simu sionyeshi uso. Binti yetu Hadassa naye ameniandikia: "Papa, washa kamera, tumeanza kukusahau." Kamera ya simu yangu imekufa. Iliangukia sakafuni kazini, nitaitengeneza. Na sauti inayokwaruza ni ya baridi. Ghala letu ni la samaki wa barafu, mtu akitoka humo midomo imekuwa mbao. Donc, ndiyo maana naandika. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwalimu alikuwa akisema naandika kama mtu anayelima, lakini karatasi haina kamera, na utaisoma peke yako. Ujumbe wa simu nyumbani kwetu unasomwa na watoto, na jirani, na fundi aliyekuja kuziba bati.

Sasa Guylain. Atakuambia amerudi kwa sababu ameichoka Ulaya. Ulaya ndiyo iliyomchoka. Ombi lake la karatasi za kuishi hapa limekataliwa mara ya mwisho, na mimi nimechoka kuruka miguu yake kila alfajiri nikienda kazini, maana amelala kwenye kochi langu mwaka na zaidi. Atashuka kwenye ndege amevaa suti. Suti hiyo ni ya marehemu mmoja wa Koekelberg, mjane aliitoa kanisani. Usiseme nimekuambia. Atawaambia alikuwa na kampuni ya ujenzi. Alikuwa anabeba ndoo.

Msimcheke sana, wote hapa ni hivyo. Jumamosi ukienda Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wetu Wakongo, mahali wanawake wanasuka nywele, unawakuta wanaume wamekaa kwenye viti vya saluni kama baraza la mawaziri. Huyu mkurugenzi, yule mshauri, yule ana biashara na Wachina. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri unakutana nao metro namba tano, kila mkurugenzi na mfuko wake wa matambara ya kusafishia. Mimi siendi tena.

Habari za Cédric nimezisikia. Kijana ana kazi mgodini Kolwezi na Hadassa anamtaka, sawa. Lakini mali ya mahari isipokelewe bila mimi. Waambie wangoje. Nitakuja nikipata ruhusa. Usiniulize lini, usinisukume. Siku ile sikukukatia simu kwa hasira, ni jino lilinisumbua kidogo.

Mume wako,
Nday

*

Lubumbashi, Katuba, 25 Februari 2024

Papa Hadassa,

Utepe haukuchanika. Aliyechanika ni mimi.

Guylain amefika. Mtaa mzima ulitoka kumtazama, na suti sikuiona hata, kwa sababu ya meno. Papa Hadassa, meno gani yale! Meupe, yamepangwa kama vigae vya bafu la hoteli. Aliondoka hapa na kinywa kama cha sisi wote, amerudi na kinywa cha mtangazaji. Anacheka kwa kila kitu. Tulikwenda kwenye msiba wa Papa Amissi, akacheka na pale, ikabidi nimkanyage mguu.

Wanawake wamemuuliza ameyapata wapi. Akajibu: "Bah, kule ni kuonyesha karte ya bima, unafungua kinywa, wanakutengeneza. Serikali inalipa. Ni mjinga tu ndiye anakosa meno Ulaya." Nikakukumbuka wewe na jino lako linalokusumbua kidogo. Una karatasi, una kazi, una hiyo karte. Guylain hakuwa na kitu, ametengenezwa. Wewe unangoja nini, malaika ashuke na koleo?

Sasa nikuulize nililonalo. Nani anakupikia? Ulisema karatasi zikitoka utakuja kutuona. Zimetoka, mwaka wa tatu huu. Kwanza ndege ilikuwa ghali, halafu bosi alikuwa mbaya, halafu kamera ikafa. Kamera haiwezi kufa mwaka mzima, hata marehemu wa kweli tunamaliza kumlilia kabla ya hapo. Mwanaume anayeficha uso anaficha chumba alichomo. Nilimuuliza Guylain: "Kuna mwanamke?" Akacheka kwa vigae vyake: "Maman Hadassa, Yaya Nday, kaka yangu, ni muntu wa siri." Basi, nimejibiwa.

Familia ya Cédric haingoji. Wanakuja Jumatatu ya Pasaka na mbuzi wao, vitenge vyao na kila kilichoandikwa kwenye orodha ya mahari. Ndugu zako wamekutana, wamesema kama baba hayupo, baba mdogo yupo. Guylain atakaa kwenye kiti chako. Guylain atamuuliza Hadassa mbele ya watu, "Tule au tusile mali hii?" Na Guylain atapewa firigisi.

Unajua ninachokuambia. Firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na siku ya binti yake anaila peke yake, wakwe wakimtazama, ndipo wengine wanashika sahani. Tangu uondoke, kila nikichinja kuku firigisi yako naiweka pembeni. Sijampa kaka yangu, sijampa mchungaji, na mchungaji aliiomba. Inaharibika, naitupa. Siku hiyo haitatupwa.

Barua hii naipa Maman Claudine wa nywele, yule wa kwenda na kurudi na biashara yake, anarudi Brussels wiki hii. Mwanamke wako akiisoma, msalimie.

Antoinette

*

Anderlecht, 17 Machi 2024

Antoinette,

Hakuna mwanamke. Angekuwepo, angalau angenipigia simu kwa madaktari, maana Kifaransa changu kinawachosha wale wasichana wa mapokezi.

Sina meno ya mbele. Bon, nimeandika. Manne ya juu, yote. Kamera ni nzima kabisa. Naifunika kwa kidole. Kazini bado navaa barakoa kama mwaka wa ule ugonjwa, wenzangu wanadhani naogopa virusi. Na sionyeshi tu uso, hata kuongea kunanishinda: nikitamka jina la mtoto wetu, Hadassa, linatoka kama tairi linalovuja.

Yalianza na ufizi kutoa damu, majira ya baridi ya mwaka juzi. Nikapiga simu kwa daktari wa meno. "Hatupokei wagonjwa wapya." Nikapiga kwa mwingine. Hatupokei. Nilidhani ni mimi, nikamwambia mwenzangu Mbelgiji apige: naye akaambiwa hawapokei, lakini yeye waliongeza pole. Mmoja akanipa nafasi ya baada ya miezi mitano. Nikaenda hospitali, upande wa dharura, nikakaa mpaka nikachoka hata kuumwa, wakanipa vidonge na ushauri: nenda kwa daktari wa meno. Nilicheka, ningali na meno ya kuchekea.

Yuko mmoja Koekelberg, nyuma ya Basilika, huyo alikubali haraka. Chumba cha kungojea kina tangi la samaki hai, nilishangaa kuona samaki asiye na barafu. Msichana akanieleza kwamba daktari hafuati bei zilizokubaliwa na bima, anapanga yake. Akaniambia bei. Nikawaaga samaki.

Miezi mitano ikapita. Daktari mwenyewe alikuwa mama mmoja mpole, siwezi kusema vibaya juu yake, na hilo linaniudhi. Aliyatikisa kwa kidole, yakacheza kama funguo mfukoni. Akasema yamechelewa. Akayang'oa, akaniambia nisihuzunike: "Una zaidi ya miaka hamsini, utapata meno ya bandia, mutuelle italipa sehemu kubwa." Mutuelle ni ile bima ya afya ambayo kila mtu hapa anakatwa, nami nimekatwa tangu siku ya kwanza ya karatasi zangu. Nilifurahi, Antoinette. Na damu mdomoni, nilifurahi. Akageukia mashine yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Lakini bwana, mwaka jana ulishatengenezewa meno. Yako wapi?"

Yako Katuba. Yanacheka kwenye msiba wa Papa Amissi.

Sikiliza ilivyokuwa. Guylain alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, uso chini. Bosi wake alimpakia garini, akamshusha mbele ya mlango wa hospitali kama mfuko wa takataka, akaondoka. Hana karatasi, hana bima. Upo msaada wa watu kama yeye, lakini mtu wa komini, ile ofisi ya mtaa, lazima aje kwanza kuona unalala wapi. Alikuwa analala kwangu, na nyumba yangu ni ya serikali, hairuhusiwi mtu wa pili. Wangekuja, tungelala nje wawili. Nikawa namtazama akilowanisha tonge la bukari kwenye mchuzi, anaimumunya kama kikongwe. Siku moja nikampa karte yangu. Nani kwetu hajafanya hivyo? Shati langu lilibatizia watoto wa watu watatu. Viatu vya baba vilikwenda kuomba kazi mgodini na miguu ya nusu ya mtaa. Mtu akikosa, unampa, akimaliza anarudisha. Nilidhani jina nalo linarudishwa.

Kwenye karte kuna picha yangu. Mimi nina upara, Guylain ana nywele kama paa la nyasi. Mimi nina kovu kwenye nyusi. Kwa daktari wa meno wakaitazama picha, wakamtazama yeye, wakasema: "Bonjour, Monsieur Nday." Zaidi ya mara moja! Kwa hao mimi nisingeweza tena kwenda na uso wangu. Alipotoka na meno yake tulikaa sebuleni tukawacheka Wazungu mpaka jirani akagonga ukuta. Tulisema, hawa watu hawatazami, wanaona rangi tu, wanafunga kesi. Tulicheka sana. Mwenye kuchekwa nilikuwa mimi, nimekaa pale kwenye kochi na meno yangu yote, sijui.

Sasa ningemjibu nini yule daktari? Nikisema kweli, ni wizi: wananifuata mimi, na Guylain wanampandisha ndege. Nikasema nimeyapoteza. Wapi? Kwenye basi. Akanitazama, sidhani aliamini, akanituma mutuelle. Huko nikamkuta mama mwenye miwani ya kamba. Akasema mengine hayalipiwi mpaka miaka saba ipite tangu yale ya kwanza. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga viatu: "Meno hayapotei kwenye basi, bwana. Ninyi mnapewa vitu, hamvitunzi."

Nilikuwa na jibu. Jibu zuri, mpaka leo ninalo. Lakini kwa mdomo huu kumjibu ni kumtemea mate. Donc nikasema, "Merci, madame." Nikamshukuru! Hilo linanichoma kuliko ufizi.

Nikamwambia Guylain. Unajua alisema nini? "Yaya, nikiyatoa, mimi nitakula na nini?" Halafu akaona aibu kidogo, aibu yake haikai muda mrefu, akayatoa, akayaosha, akaniletea kwenye kikombe changu cha chai. "Jaribu." Nilijaribu, Antoinette. Mbele ya kioo cha bafu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Hayakuingia. Ana taya la panya. Nikamrudishia. Kikombe nikakitupa.

Na huyo ndiye anakuambia ni mjinga tu anakosa meno Ulaya. Kweli kabisa, na mjinga mwenyewe anamjua.

Sasa mtampa firigisi. Akae kwenye kiti changu, aulize swali langu, atafune firigisi yangu kwa meno yaliyotengenezwa kwa jina langu, na mimi huku niokote makatoni! Mzuie. Sema kuku alikufa. Sema lolote. Lakini Hadassa asijue. Nilitaka aolewe akinikumbuka na uso ule nilioondoka nao.

Nday

*

Lubumbashi, Katuba, 10 Aprili 2024

Papa Hadassa,

Barua yako Maman Claudine aliileta Jumamosi, mkesha wa Pasaka, mikono yangu iko kwenye unga. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka Hadassa akaja kuuliza kuna nini, nikampa asome. Ndiyo, nimempa. Wewe ulitaka akumbuke uso wako. Yeye mwaka mzima alikuwa anaamini baba yake ana watoto wengine Ulaya, ameshawapa hata majina. Alisoma, akakaa juu ya gunia la makaa, akasema: "Ni meno tu?" Akalia. Sijui kama ni furaha.

Jumatatu wakaja. Sikumwambia mtu kitu. Guylain alikaa kwenye kiti chako na suti ya marehemu, miguu ameitandaza. Wakahesabu mali, wakaimba, wakasifu. Akasimama, akafungua vigae, akauliza: "Hadassa mwanangu, tule au tusile?"

Mtoto akanyamaza.

Akauliza tena. Kimya. Shangazi yake Cédric, Maman Rolande, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, akasema: "Mutoto ni bubu? Mbona hamkutuambia?" Watu wakacheka. Hadassa akasema, bila kuinua macho: "Anayeuliza hajafika."

Ungeyaona macho ya ndugu zako. Walinitazama mimi, kama kawaida. Nikaona kama ni kuharibu, tuharibu vizuri. Nikaleta kuku kwenye sahani kubwa, nikaiweka mbele ya Guylain. Akapekua mchuzi kwa kijiko. Akapekua tena. Maman Rolande akainama naye kutazama.

"Firigisi iko wapi?"

"Iko jikoni," nikasema. "Mwenyewe hajafika."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mgeni wetu kutoka Ulaya. Mpeni paja, ana meno mazuri."

Guylain alinifuata jikoni, jasho linamtoka. "Maman Hadassa, unanionea. Yaya alinipa mwenyewe, sikuiba." Nikamjibu, najua alikupa. Wewe ulimpa nini? Alifunga mdomo. Tangu ashuke kwenye ndege ndiyo mara ya kwanza niliona midomo yake inakutana. Na nikuambie ukweli, pale nilimwonea huruma, nikakumbuka lile gari lililomshusha. Halafu ikapita.

Wakwe walikasirika. Walikunywa vinywaji vyote kwanza, ndipo wakakasirika. Cédric mwenyewe ni kijana mzuri, alimwambia shangazi yake: "Mimi nitangoja." Maman Rolande akasema familia yake si ya kuchezewa: wanarudi Jumamosi tarehe kumi na tatu Julai, na wakikuta kiti hakina baba, mbuzi anarudi Kolwezi na kijana anatafutiwa kwingine. Hiyo ndiyo hali. Usiigeuze.

Sasa zamu yangu. Umeniandikia ukurasa na ukurasa juu ya mdomo wako. Madaktari, samaki, mama wa miwani. Nilisoma yote nikingoja mstari mmoja, haukuja. Mwaka jana, mwezi wa nane, nilivimba shavu hili la kushoto mpaka jicho likafumba. Hospitali walitaka pesa kabla ya kunitazama. Nilikwenda kwa yule mzee wa soko la mtaa wa Kenya, anayeng'oa kwa koleo, sindano hana, anakuwekea redio kwa nguvu watu wasisikie. Magego matatu. Jumapili iliyofuata uliniita, na mimi kamera yangu ilikuwa wazi, Papa Hadassa. Uso wangu wote ulikuwa mbele yako umevimba kama mkate. Ulisema: "Unanenepa, pesa zangu unazila vizuri."

Ulikuwa unafunika kamera kwa kidole, na macho umeyafunika kwa nini?

Unamdharau Guylain, unawadharau wa Matonge kwa uongo wao wa suti. Wewe umekuwa unadanganya kwa kidole kimoja. Mimi sijaolewa na meno ya mbele. Hata ulipokuwa nayo hukuyatumia kucheka sana.

Nilikuwa nimekasirika, sasa nimechoka, ni karibu sawa. Njoo na mdomo ulio nao. Usipokuja Julai, sitakuandikia tena, na firigisi nitampa mchungaji.

Antoinette

*

Anderlecht, 19 Mei 2024

Mama Hadassa,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nikifika kwenye mkate nasimama. Naikumbuka siku ile. Nakumbuka nilivyosema, na kwamba nilijiona nimechekesha. Sitaandika maneno mengi hapa. Nilikuwa nimejiangalia sana kwenye kioo, nikadhani hakuna kinywa kingine duniani. Shavu la kushoto nitalitazama nikifika, siyo kwa simu.

Nimeomba likizo. Msimamizi wetu, mtoto wa juzi mwenye ndevu za kuchorwa, akasema Julai ni mwezi wa watu wenye familia. Nikavua barakoa. Nikamwambia kwa Kifaransa changu kinachovuja: mimi nina familia, binti yangu anaolewa, nisipoenda hatanisamehe. Ghala zima lilisikia na ghala zima liliona. Halafu Abdul-Aziz, Mrundi wa Bujumbura anayeendesha mashine ya paleti, mtu ambaye nimekula naye mwaka mzima nikiwa nimempa mgongo, akafungua kinywa chake akakionyesha kwa kidole: nyuma kote hakuna kitu, ni shimo. "Karibu chamani," akasema. Wakacheka, nami nikacheka. Upepo uliingia mpaka kooni. Likizo nimepata.

Mutuelle sirudi. Mama wa miwani nimemwachia ushindi, autundike ukutani. Miaka saba ikiisha, kama tutakuwa hai wote wawili, nitakwenda kumsalimia, nimpe na lile jibu langu.

Guylain asihame mtaa. Sitampiga. Siku hiyo akae kulia kwangu kama ndugu, na suti yake, atafune paja akitaka. Ila wakwe wakimuuliza alikuwa na kazi gani huku, aseme ndoo. Hiyo ndiyo bei ya meno, nyingine sitaki.

Kuhusu firigisi, nimefikiri kazini siku nyingi, samaki hawasumbui mtu akifikiri. Usiisage, usiichemshe mpaka iwe uji. Ipike ngumu kama inavyopikwa kwa baba wa watu. Mimi meno ya mbele sina, siwezi kuing'ata. Ya nyuma ninayo yote. Wewe ya nyuma umeyaacha kwa mzee wa soko, ya mbele unayo, nayakumbuka. Basi siku hiyo utakaa karibu na mimi, na mbele ya Maman Rolande na ukoo wake wote utaing'ata wewe kwanza, unipe nusu, mimi nitatafuna. Najua mwanamke hali firigisi. Najua watasema. Waseme mpaka Kolwezi. Umeitunza miaka sita, na mchungaji umemnyima, sijui ni nani mwenye haki zaidi.

Mwambie Hadassa swali lake nitamuuliza mwenyewe. Jina litavuja. Avumilie, ajibu.

Natua Lubumbashi Jumamosi, tarehe sita Julai, mchana. Barakoa naiacha Anderlecht. Njooni uwanjani wote, na wewe simama mbele, nitakuwa nacheka ili mnitambue.

Nday